Jicho la Mzabibu

Masijala, orofa ya pili, Mtumba.
Miaka kumi na minne nafunga majalada kwa uzi mweupe,
na jambo moja nalijua kuliko wakubwa wanaopita:
jalada halifi.
Hufungwa, hupigwa muhuri, hupelekwa rafu ya nyuma,
na barua zilizomo hubaki vilevile, nukta kwa nukta,
ila hapana wa kuzisoma.

Kwa hiyo Dokta Sechelela alipoanza kueleza
nilikuwa nimemtangulia hatua mbili.

Alisema katika pafu la kushoto la mzee Ndahani
zimo jeni zilizoajiriwa tangu tumboni mwa mamaye
kazi ya ulinzi:
seli ikijigawa kupita kiasi, ziiambie basi.
Hazijavunjika. Hazijaibwa.
Zimebandikwa alama,
ndogo kuliko chembe ya salfa,
moja leo, moja mwakani, miaka nenda miaka rudi,
mpaka mlinzi akanyamaza
na saratani ikapita mlangoni ikiwa imevaa viatu.

"Ziko dawa," akasema,
akashusha sauti kama anayetaja deni,
"zinajaribiwa. Kazi yake kubandua."

Baba alikuwa anatazama dirishani.
Nilidhani hasikii.
Miaka arobaini Makutupora, mkasi kiganjani,
pampu ya dawa mgongoni, msokoto wa gazeti mdomoni
(alivuta tumbaku na habari za juzi kwa pamoja,
akakohoa zote),
na sasa kifua chake kinapiga mluzi
kama mlango wa bati Agosti.

"Hayo ni macho ya mzabibu," akasema.

Dokta akaweka kalamu chini.

"Pita shambani kiangazi.
Utasema imekufa, kuni tupu.
Unakata mshazari, juu ya jicho la pili.
Kuni inalia maji, siku tatu, nne.
Halafu jicho linafunguka.
Lilikuwemo. Lilikuwa limelala."

Dokta akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatatu.
"Karibu na hivyo, mzee."

"Lakini mkasi wangu unachagua," akasema baba.
"Dawa yako inachagua?"

Feni ikazunguka. Nje mtu aliitwa jina, hakuitika.

Hakutudanganya; nampendea hilo.
Alisema haichagui sana.
Yaweza kumwamsha mlinzi, na kumwamsha mwingine
ambaye ni heri angeendelea kukoroma.
Alisema peke yake mara nyingi haitoshi,
huchanganywa na nyingine,
na kwamba neno "tunatumaini"
analitumia kwa kipimo, kama dawa.
Na jaribio lenyewe haliko hapa. Majina yanaandikwa,
yanapelekwa, yanajibiwa au hayajibiwi.
(Hilo nalo nalijua. Ndiyo kazi yangu.)

"Usimwamshe aliyelala," baba akaanza,
akaishia hapo.
Hatukummalizia.

Usiku, Ipagala, nilisoma fomu kurasa tisa.
Yeye alikohoa chumba cha pili, akanyamaza, akakohoa,
na kila aliponyamaza nilisimama.
Nilitaka kujua nani alipiga mihuri ile.
Nilitaka jina, cheo, tarehe.
Moshi hauna sahihi. Salfa haina sahihi.
Na bwana shamba aliyesema "puliza tu, haina neno"
amekwisha kustaafu, ana wajukuu,
hunisalimia sokoni.

Asubuhi nikamkuta mezani, miwani puani,
ameijaza mwenyewe, herufi kubwa zimeegemeana
kama mbuzi kwenye kivuli chembamba.
Palipoandikwa *uhusiano na mgonjwa*
ameandika: NI MIMI.

"Kama wataamka wote," akasema, "angalau tutajua wako wangapi."

Tunasubiri simu; wiki ya tano sasa.
Ukutani uani upo mzabibu mmoja alioupanda mama,
haujazaa tangu msiba.
Jana ameniomba mkasi.
Nikampa. Sikumuuliza wa nini.